Mguu wa Farasi na Gitaa ya Stima

Cheki hii stori. Phol na mungu Wodan wanapita msituni, mara farasi ya Balder inateguka mguu. Madem wanne wa kimungu wanauimbia kwa zamu. Mwisho Wodan mwenyewe anashika kazi: anaamuru mifupa, damu na viungo vishikane tena kama vimepigwa gluu.

Hiyo ndio mashairi yenye mbogi ya metali ya In Extremo, wasee wa Berlin, waliweka kwa albamu yao ya 2001, Sünder ohne Zügel. Chini kuna gitaa ya kupasua spika, juu kuna zumari za mfuko. Lugha ni Kijerumani ya kitambo mbaya, ya zaidi ya miaka 1,000. Mjerumani wa saa hii akiiskia anadaka neno moja hapa, lingine pale, vile mtoi wa Eastlands hudaka guka yake akibonga na mabeshte wa ushago. Na bado watu huimba nayo. Hawaelewi, lakini mdomo inajua.

Mimi kitu inanibamba ni huo mguu. Metali ya kaskazini imejaa mapanga, meli na radi hadi unaboeka, kila mtu ni shujaa, kila mtu anakufa vitani. Hapa mungu mkubwa, yule Waingereza walimpatia Wednesday yao, anashughulikia kuteguka. Mtaani kuna mathe wa hiyo kazi. Ukiumia boli unapelekwa kwake, anakukanda huku akinong'ona vitu hujai elewa.

Vile haya maneno yalisurvive ndio noma zaidi. Karibu karne ya 10 kuna msee wa kanisa alipata ukurasa mtupu kwa kitabu ya ibada, akaandika hapo uganga wa miungu wenye kanisa ilikuwa imefukuza. Kwa kitabu ya kanisa, buda! Georg Waitz aliipata 1841 kwa maktaba ya kanisa kuu ya Merseburg, na mwaka uliofuata Jacob Grimm, yule wa hadithi za watoto, akaichapisha.

Visiwa vya Faroe ni stori ingine. Huko hakuna kufufua mashairi ya kale, juu kuyaimba hakukuwai kufa. Watu hushikana mikono kwa duara, hakuna ngoma hakuna gitaa, miguu ndio inapiga biti, wanaimba ushairi mrefu kama safari ya kwenda Mombasa na lori. Moja ni Ormurin Langi, ya Jens Christian Djurhuus, kuhusu meli ya mfalme Olaf Tryggvason. Mbogi ya huko, Týr, waliichapa kimetali 2002, kwa albamu How Far to Asgaard. Kwao hawakuwa na haja ya kufunza mtu kiitikio.

Kuna wabaguzi wenye hujaribu kuteka hizi alama za kale za kaskazini ziwe zao. Týr waliwajibu 2009 na ngoma nzima, Shadow of the Swastika. Hiyo imeisha.

Sasa mbogi ingine ya metali, Skálmöld wa Iceland. Msee wao wa besi, Snæbjörn Ragnarsson, huandika kwa kanuni za mashairi ya kale, na 2013 walipanda steji Reykjavík na okestra ya simfoni ya nchi. Hiyo kanuni haitegemei vina vya mwisho kama rapa wetu ama tenzi za Pwani. Inashikwa na sauti za mwanzo: maneno mazito ya mstari yanaanza na herufi moja, yanagongana kama nyundo. Nikaanza kufikiria: si Kiswahili iko na hiyo kitu bure? Kikombe kikubwa kilichopasuka kimetupwa. Ngeli inakuandikia mstari ukiwa umelala. Halafu nikakumbuka sisi wa Sheng ndio tulitupa ngeli kwa mtaro, siku hizi ni "kikombe imepasuka" na maisha inasonga. Tulikuwa na nyundo tukaiuza kwa mtu wa skrapu.

Nimerudia ile ngoma ya farasi mara kadhaa wiki hii, nikingoja mwisho wake. Maneno yanakatikia hapo Wodan anabonga na mifupa. Kama farasi ilisimama, yule msee wa kanisa hakuandika.