Sindano ya Bibi Isipotee

Msimu wa vuli, tangu Oktoba hadi Disemba, mvua huwafungia watoto ndani. Huo ndio wakati ufaao wa bibi kumketisha mjukuu mkekani na kumtia sindano mkononi, amfunze kushona kofia ya viua.

Kazi hii haitaki pupa. Bafta nyeupe hukatwa duara la utosini na ukanda wa kuzunguka kichwa. Nakshi huchorwa kwa penseli. Kisha vitundu vidogo hutobolewa kimoja kimoja na kuzungushiwa uzi. Kofia moja yaweza kuchukua wiki kadhaa, na humo mtoto hujifunza hesabu, subira na usafi wa mikono.

Lakini hapana mshonaji pasipo uzi. Bibi wa shamba hulazimika kupanda gari hadi Darajani, mjini Unguja, kutafuta bafta, sindano nyembamba na uzi usiochuja. Akirudi, nauli imeshakula sehemu ya faida. Na sokoni kofia yake hushindana na zile za mashine, ziletwazo kutoka ng'ambo kwa bei nafuu.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wanaohusika mambo mawili: vifaa hivi vifikishwe katika maduka ya vijijini, na mabibi hawa waalikwe kufundisha kazi za mikono shuleni, kwa malipo. Nasi wananchi, tununuapo kofia ya Idi, tuulize imeshonwa na nani. Samaki mkunje angali mbichi. Bibi akiondoka na ujuzi wake, hakuna duka litakalotuuzia ujuzi huo.