Tumefika Iram, umeme umekatika

"Meli inazama. Yumo ukumbini, kioo cha juu kimebeba maji. Ameacha mdogo wa Bweni. Aendelee anayejua kuogelea."

Maneno hayo yameandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye daftari la kaunta lenye jalada gumu, la aina ile ile ambayo wenye maduka huandikia madeni. Chini yake, kwa mwandiko mwingine: "Ameogelea. Sasa anatafuta ndege." Na chini tena, kwa herufi kubwa: "NDEGE IMEANGUKA. YUKO JANGWANI HANA MAJI. MSIMGUSE MPAKA NIRUDI KUTOKA CHUONI."

Nilikuwa Kilindoni, kisiwani Mafia, kwa jambo jingine kabisa. Nilitumwa kuandika habari za papa potwe, lakini upepo wa kaskazi ulikaza siku mbili mfululizo na manahodha wakakataa kutoka. Siku ya pili, nikitafuta mahali pa kuchaji simu, niliingia kwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko. Ndani palikuwa na joto la tanuri, runinga nne, mabenchi ya mbao na watoto wengi kuliko mabenchi. Simu ikachajiwa, nami nikabaki. Kijana mmoja, hajafika hata miaka kumi na mitatu, aliniamkia, akanitazama vizuri, kisha akaniuliza: "Dada, wewe umeshafika Iram?"

Swali hilo halijaniachia mpaka leo.

Mwenye kibanda wanamwita Fundi, kwa sababu kabla ya gemu alikuwa akitengeneza redio. Ana pleistesheni 3 tatu, zote zilizopita mikono ya watu wengine, na pleistesheni 4 moja anayoifunika kwa kanga kila jioni. Kama vibanda vyote vya gemu tulivyokulia, chake pia kinaishi kwa mpira. Meza mbili hazitoki kwenye mechi tangu asubuhi hadi usiku, na hakuna jipya la kusema hapo. Meza ya tatu, ile ya pembeni yenye daftari, ndiyo iliyonikalisha.

"Mpira unalisha kibanda, dada, siubezi," aliniambia Fundi. "Lakini mpira hauna kesho. Mechi ikiisha imeisha, mnaanza upya sifuri kwa sifuri. Huyu Dreki ana kesho."

Dreki ni Nathan Drake, mtafuta hazina wa Uncharted, mfululizo uliotengenezwa na kampuni ya Naughty Dog ya California. Uncharted ya kwanza ilitoka 2007, mwaka mmoja baada ya pleistesheni 3 kuingia sokoni. Kizazi kile cha mashine kilizaa majina mapya mengi ambayo wapenzi wa gemu duniani bado wanabishana lipi lilikuwa bora: Assassin's Creed mwaka huo huo wa 2007, inFAMOUS mwaka 2009, The Last of Us mwaka 2013. Mafia yalifika kwa kuchelewa, yakiwa ndani ya mashine kuukuu, wakati wenye pesa walishahamia pleistesheni 4. Yalipofika yakabatizwa upya. Assassin's Creed hapa ni Kofia. inFAMOUS, ambayo shujaa wake hufyonza umeme kutoka kwenye nguzo za barabarani, ni Bwana Umeme. The Last of Us ni Baba na Binti, na Fundi huiwasha baada ya sala ya isha tu, wadogo wakishaondoka.

Lakini hakuna lililopendwa kama Dreki, na sababu ya kwanza si uzuri wa picha. Ni umeme.

Fundi alinieleza jambo hili polepole, kwa vidole, kama anayemfundisha mtu kufunga fundo. Mko dakika ya themanini, mmoja anaongoza mawili kwa moja, umeme unakatika. Mechi imepotea. Aliyekuwa anaongoza anataka ushindi wake, aliyekuwa nyuma anataka pesa yake, na mwenye kibanda anabaki katikati yao gizani. Dreki hana ugomvi huo. Gemu lenyewe linasevu kila baada ya hatua fulani. Umeme ukirudi, mashine inalalamika kwamba haikuzimwa vizuri, inaanza kujikagua (watoto husema "inajipapasa tumbo"), halafu Dreki anarudi pale pale, kwenye mlango wa mwisho alioupita.

"Kwa hiyo nikaona," akasema Fundi, "hiki kitu kimetengenezwa na watu ambao umeme wao haukatiki, lakini kinatufaa sisi."

Sababu ya pili ni bei. Nusu saa kwa Fundi ni shilingi 500. Uncharted 3, iliyotoka 2011, huchukua mchezaji mzoefu saa tisa au kumi kuimaliza. Hiyo ni shilingi 9,000 hadi 10,000, na mtoto wa Kilindoni hana pesa hiyo ya kuchezea. Basi wakaanza kuchangiana. Wa kwanza akilipa nusu saa yake hucheza, huacha, huandika daftarini alipofikia. Wa pili akija na mia tano yake hasomi mahali pengine popote, anasoma pale. Hadithi moja, kumbukumbu moja ndani ya mashine, na mikono ya watoto kumi na mmoja. Walianza mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, wakafika mwisho siku ya pili ya Idi.

Nimesoma tathmini nyingi za gemu katika maisha yangu, zenye nyota na alama. Sijawahi kusoma iliyonigusa kama daftari lile. "Hapa kuna mafumbo ya nyota, mwiteni anayejua hesabu." "Nyumba inaungua, shuka kwa dirishani usitumie ngazi." "Makaburi ya meli. Bahari imechafuka kama kusi. Nimekaa hapa nusu saa nzima kutazama maji tu, samahanini." Huyo aliyeomba samahani, Fundi ananiambia, ni mtoto wa fundi wa majahazi, na mia tano yake ilikwisha yote bila kusogea hatua.

Sehemu iliyozua mjadala mkubwa ni Iram. Uncharted 3 inampeleka Dreki Yemeni, kisha Rub' al-Khali, jangwa kuu la Bara Arabu, kuutafuta mji uliopotea uitwao Iram ya nguzo. Wachezaji wengi wa Marekani na Ulaya walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza ndani ya gemu. Watoto wa Mafia wanalijua tangu wakiwa na miaka sita, kwa sababu limo katika Suratul Fajr, nao wameihifadhi. Fundi anasema siku jina lilipotajwa kibanda kizima kiliinuka, hata waliokuwa kwenye mpira waliacha pedi.

Kisha wakafika ndani. Gemu linadai kwamba Nabii Suleiman alitupa katika mji ule chombo cha shaba chenye majini. Kijana wa chuoni, yule wa herufi kubwa, aliinuka kupinga. Suleiman na Iram wapi na wapi? Iram ni ya kaumu ya Adi, na mtume wao ni Hudi! Wakabishana mpaka nusu saa ikaisha, na aliyekuwa analipia hakudai chochote. Daftarini imeandikwa: "Tumefika Iram, umeme umekatika. Habari ya Suleiman si kweli. Endeleeni tu."

Hapo nilimuuliza Fundi kama kuna gemu alilowahi kulikataa. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia habari za Resident Evil 5, ya mwaka 2009, iliyokuja ndani ya furushi la diski alizonunua Dar es Salaam. Gemu hilo la kampuni ya Capcom ya Japani linatokea katika eneo la kubuni la Afrika liitwalo Kijuju, na maadui wake ni wanakijiji walioingiwa na vidudu na kupoteza utu. Wanaitwa Majini, na wanapiga kelele kwa Kiswahili.

"Niliiwasha peke yangu usiku, nijue ni nini kabla watoto hawajaiona," alisema. "Nikasikia Kiswahili. Moyo ukaniruka, dada, nikasema leo wametukumbuka. Halafu nikaona wanaozungumza ndio wa kupigwa risasi. Mzungu anazungumza Kiingereza, anaishi. Anayesema kama mimi, anaanguka. Nikaizima."

Diski ile ameitundika kwa uzi katika shamba la mpunga la mkewe. Inafukuza ndege.

Sikujua la kumjibu. Wapo waliolitetea gemu hilo na waliolilaumu tangu picha zake za kwanza zilipoonyeshwa 2007, na ubishi ule ulifanyika mbali sana na kibanda cha mabati ambako mtu mmoja alisikia lugha ya mama yake ikitoka katika runinga, akafurahi kwa muda usiofika dakika.

Baada ya Uncharted 3, watoto walianza kumsumbua Fundi: na sisi tuna magofu? Aliona haya kwa sababu yeye mwenyewe, mzaliwa wa hapa, alikuwa hajawahi kukanyaga Kua. Likizo ya shule ilipofika akawachangisha, wakaenda hadi Utende, wakapanda mashua kuvuka kwenda kisiwa cha Juani, wakivizia maji yajae ili waweze kushuka.

Kua ni mji wa mawe ya matumbawe na chokaa, wenye jumba la watawala na misikiti, uliomezwa na msitu. Mizizi imepenya kuta. Mzee waliyemkuta aliwasimulia kisa ambacho watu wa Mafia wanakijua. Watu wa Kisimani, upande wa pili, walijenga jahazi, wakawaalika wa Kua, kisha wakawakamata watoto wao na kuwalaza chini ya jahazi kama magogo ya kulishushia majini. Wa Kua walinyamaza miaka. Halafu wakaalika harusi. Wageni wa Kisimani wakakaribishwa katika chumba cha chini ya nyumba, wenyeji wakatoka mmoja mmoja huku mzee mmoja akibaki kuwazungumzisha, na mlango ukajengwa ukazibwa. Chumba hicho, inasemwa, bado kipo.

"Hapo sikuwaweza tena," Fundi alisema. "Kila mtoto anatafuta chumba. Anagonga ukuta, anasikiliza. Mmoja akaanza kupanda kama Dreki, nikamvuta kwa shati. Nikamwambia, yule kila anapopita gofu linaanguka nyuma yake, umeona? Hili likianguka halirudi. Hapa hakuna kusevu."

Mzee akaendelea. Mwanzoni mwa karne ya 19, alisema, Wasakalava walivuka bahari kutoka Bukini, wakaushambulia mji, wakachukua watu mateka. Waliosalimika walihamia kisiwa jirani cha Chole, na Kua ikabaki kwa popo na mibuyu.

Mtoto mmoja akauliza Bukini ni wapi. Mzee akamjibu: Madagaska.

Watoto wakatazamana. Wakati huo kwenye pleistesheni 4, ile ya kanga, walikuwa katikati ya Uncharted 4 ya mwaka 2016, ambamo Dreki anafika Madagaska kuitafuta Libertalia, mji wa maharamia unaotajwa katika kitabu kilichochapishwa London miaka ya 1720. Walikuwa wameendesha gari katika nyanda zake nyekundu na kupita sokoni kwake. Maharamia wengi waliowaona humo walikuwa Wazungu. Wenyeji waliuza matunda.

"Mtoto mmoja wa Jibondo akaniuliza," Fundi alisema, akiishusha sauti ingawa kibanda kilikuwa na kelele. "Aliniuliza, 'Fundi, kwa nini gemu linakwenda mpaka Bukini, halafu halijui kwamba watu wa Bukini walikuja huku?' Nimelibeba swali hilo. Wewe ndiye mwandishi, nijibu wewe."

Ningeweza kumwambia gemu kama lile linatengenezwa na mamia ya watu kwa miaka na kwa mamilioni ya dola, na kwamba waandishi wake walitafuta hadithi kwenye vitabu walivyovisoma wao. Ni kweli, na si jibu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo katika Urithi wa Dunia tangu 1981. Kua haimo, na aliyewapeleka watoto wale kuiona ni fundi redio, kwa nauli ya kuchangishana.

Jioni upepo ulipungua na nahodha akanitumia ujumbe kwamba kesho tutatoka. Nilirudi kibandani kuaga. Meza ya pembeni ilikuwa tupu, runinga yake imezimwa, wakati zile za mpira zimejaa. Nilidhani imeharibika. Fundi akanisogezea daftari, akaufungua ukurasa wa mwisho, wenye mstari mmoja tu:

"Libertalia. Imesimama. Wa Jibondo amekwenda dago na baba yake, tunamsubiri."

Nikamuuliza anatarajiwa kurudi lini kutoka kambi hiyo ya wavuvi. Akasema bamvua likiisha, labda siku sita, saba. Na hakuna mtoto aliyegusa pedi ile tangu Jumanne.

"Pesa je, Fundi?" nikauliza.

Alikuwa ameshaanza kuitandika kanga juu ya mashine.