Hii Ndai ya Paundi Milioni 10 Ni Oriji ama Feki?

Wasee, chekini hii kesi. London, 1990, Mahakama Kuu. Kuna msee ako na Bentley ya kitambo inaitwa Old Number One. Kampuni flani, Middlebridge, imekubali kuichukua kwa paundi milioni 10. Dili ikashikana, alafu kampuni ikaruka: ati hiyo ndai si yenyewe, imebadilishwa spea mpaka ile ya ukweli iliisha zamani. Mwenye ndai hakubishana sana. Aliwapeleka kotini, na Jaji Otton akaachiwa hiyo moto.

Ndio ujue kwa nini watu walikuwa wanapigania chuma ya kitambo hivyo, lazima upewe rada ya vitu ilifanya. Ni Bentley Speed Six, silinda sita, injini ya lita sita na nusu, wazi juu, iliyoundwa na wasee wa Cricklewood hapo London. Mwaka wa 1929 ilitupwa Le Mans, Ufaransa, masaa 24 ya kukanyaga mafuta mchana na usiku, ikiwa imebandikwa namba 1. Jina lilitoka hapo. Kwa usukani walipokezana Woolf Barnato na Tim Birkin. Walichukua, na nyuma yao zikafuata Bentley zingine tatu, namba mbili, tatu na nne. Hiyo ilikuwa dharau, maze. 1930 ndai ile ile ikarudi, saa hii Barnato ako na Glen Kidston, ikabeba tena.

Huyu Barnato alikuwa sonko wa kutisha. Budake, Barney, aliomokea almasi za Kimberley, Afrika Kusini, na ganji hiyo ndiyo mtoi alitumia kuokoa kampuni ya Bentley ikiwa imesota, akakuwa mwenyekiti. Ungedhani ni mtoto wa pesa anajibamba tu. Wapi! Aliingia Le Mans mara tatu, akashinda zote tatu.

Baada ya 1930 Bentley kama kampuni iliachana na mbio, na 1931 ikamezwa na Rolls-Royce. Ndai haikustaafu. Ilipelekwa Brooklands, ile barabara ya mbio ya simiti karibu na Weybridge, penye kona zimeinuliwa juu ka ukuta. Hapo 1931 Jack Dunfee na Cyril Paul wakashinda nayo mbio za maili 500. Mwaka uliofuata ikadungwa injini kubwa zaidi, ya lita nane, na ndugu yake Jack, Clive Dunfee, akashika usukani. Clive alipanda juu sana kwa kona, gurudumu likapita ukingo, ndai ikaruka nje. Clive alidedi hapo.

Wasee waliiunda tena, ikavalishwa bodi ya barabarani, ikaendelea kuishi maisha ya kuhamahama. Sasa ndio unaona mawakili walikuwa na kitu ya kubonga. Kotini walianza kuhesabu chuma. Ya 1929 hakukuwa na kitu unaweza apa nayo. Ya 1930 zilipatikana shafti ya pedali, kava ya gia boksi na nguzo ya steringi. Basi! Paundi milioni 10, na ushahidi wa ule ushindi wa mwisho Le Mans unaenea kwa kiroba.

Lakini jaji alicheki mambo venye inafaa. Alisema haiwezi itwa oriji, na pia si kitu imefufuliwa kutoka kwa makaburi. Spea ziliingia polepole, mbio baada ya mbio, na hakuna siku hata moja hiyo ndai iliacha kuwa ndai ile ile. Kwa hivyo ni Old Number One halisi, na kampuni ilipe.

Mimi niko na jaji. Cheki nganya yoyote ya Rongai: injini imetolewa Grogan, bodi imechapwa upya, rangi mara ngapi sijui, na bado mtaa mzima unaiita jina lake na makanga anajua historia yake yote. Ndai ya mbio haijawahi kaa kabatini. Ingekuwa na kila nati ya 1929, ingemaanisha haikukimbia. Wenye walinikera kidogo ni hao wanunuzi, ju walitaka sifa za Le Mans bila makovu yake.

Na kitu ilimuokoa huyo msee si shafti ya pedali. Ni kuweza kufuata maisha ya ndai kutoka mkono hadi mkono bila pengo. So ka mbuyu wako ako na Peugeot 504 ama Datsun imelala ocha chini ya mwembe, kabla uite wasee wa skrapu, uliza logbuku iko wapi. Tafuta risiti za makanika, tafuta zile picha za harusi penye imepaki nyuma, andika nani aliiendesha na mwaka gani. Ufanye hivyo saa hii mzee bado anakumbuka.