Ndege Zinazozeeka Zikiwa Zimeegeshwa

Uganda haina ndege hata moja iliyoundwa kwa kazi ya kudondosha mabomu tu. Nchi zenye ndege kubwa za aina hiyo ni tatu: Marekani, Urusi na China. Kwingineko kazi hiyo hufanywa na ndege za kivita zenye matumizi mengi, na kwa Uganda hizo ni Su-30MK2 sita zilizoagizwa Urusi mwaka 2010. Wakazi wa Kampala wanazijua kwa ngurumo yake zinapokatiza juu ya Kololo siku za sherehe za kitaifa. Kabla ya ngurumo, walizijua kwa bei.

Mapema mwaka 2011 ilifahamika kwamba takribani dola milioni 740 zimekwisha kutolewa kwenye akiba ya fedha za kigeni ya Benki Kuu kulipia ndege hizo pamoja na silaha zake, na Bunge likaombwa kuidhinisha matumizi ambayo tayari yalikuwa yamefanyika. Likaidhinisha nyongeza ya bajeti ya shilingi trilioni 1.7. Aprili ya mwaka huohuo kiongozi wa upinzani Dkt. Kizza Besigye na wenzake walianza kwenda kazini kwa miguu kupinga kupanda kwa bei za chakula na mafuta, na kufikia Oktoba mfumuko wa bei ulikuwa umegonga asilimia 30. Ukame na bei za soko la dunia vilichangia sana, na si haki kuzibebesha ndege lawama yote. Hata hivyo, Kampala bado inayakumbuka mambo hayo kwa pamoja. Zogo la mwaka ule lilikuwa juu ya gharama ya kununua. Jambo ambalo halikupata nafasi, na ambalo naliona zito zaidi, ni kwamba ndege ya kivita huanza kuzeeka siku inapokabidhiwa, na kwa nchi yenye ndege sita uzee wenyewe huja kwa njia isiyotarajiwa.

Kabla ya Su-30 kulikuwa na MiG-21, ndege ya Kisovyeti iliyoruka kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1950. Za enzi ya Idi Amin ziliteketezwa kwa wingi Entebbe usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomando wa Israeli walipokuja kuwaokoa mateka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Rais Museveni ilinunua nyingine za mitumba. MiG-21 ni nyepesi, ina injini moja, na tangi zake za ndani hubeba mafuta yasiyofika lita 3,000. Ikibebeshwa mabomu huweza kwenda mwendo wa kilomita mia chache tu kabla ya kulazimika kugeuka. Kutoka Entebbe hadi Juba ni zaidi ya kilomita 500 kwa mstari ulionyooka. Hadi Mogadishu ni zaidi ya 1,400. Su-30MK2 ina injini mbili, watu wawili ndani, tani 9.4 za mafuta (karibu lita 12,000), na inaweza kubeba hadi tani 8 za silaha. Jeshi linaloingia nchi jirani mara kwa mara lilikuwa linanunua umbali.

Lilikuwa pia linanunua shabaha, na hapo historia ya ukanda wetu ina funzo lake. Machi 1979, Gaddafi alipokuwa akimsaidia Amin katika vita dhidi ya Tanzania, Tu-22 moja ya Libya, ndege halisi ya mabomu yenye uwezo wa kuipita kasi ya sauti, iliruka hadi Mwanza kulenga bohari la mafuta. Ililikosa. Shehena yake iliangukia Saanane, kisiwa chenye hifadhi ya wanyama ndani ya Ziwa Viktoria, ikaua swala. Hesabu yake si ngumu. Bomu lisilo na usukani likiachiwa mita 5,000 juu na ndege inayokwenda mita 250 kwa sekunde huchukua zaidi ya nusu dakika kufika ardhini, na wakati huo huwa limesonga mbele karibu kilomita 8. Rubani akikosea mwendo wake kwa asilimia 1 tu, bomu huangukia mita 80 mbali na palipokusudiwa. Pale Mwanza walipona watu. Miezi mitano kabla, ndege za Amin ziliposhambulia mji wa Bukoba, hakuna aliyeweza kuwaahidi wakazi wake kwamba mabomu yangeangukia porini.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza inayochakaa katika ndege ya mashambulizi ni akili yake, mapema kuliko chuma: rada, kompyuta ya kukokotoa mahali bomu litakapoangukia, kamera ya kuona usiku. Vifaa hivyo vikipitwa na wakati, ndege nzima huwa imezeeka hata kama inang'aa. Navyo havitoshi peke yake. Tarehe 14 Desemba 2008 Uganda iliposhambulia kambi za waasi wa LRA katika msitu wa Garamba nchini Kongo, ukungu uliziweka kando ndege za jeti na kuchelewesha helikopta. Kiongozi wao, Joseph Kony, alikuwa amekwisha kuondoka.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe, maana Entebbe ina kisa ambacho kila mhandisi wa ndege duniani hufundishwa nusu yake. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya abiria iliyofanya safari ya kwanza ya kibiashara ya jeti duniani iliondoka London kwenda Johannesburg. Ilikuwa aina ya Comet, namba yake G-ALYP, na kituo chake kimojawapo njiani kilikuwa Entebbe. Januari 1954 ndege hiyohiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, watu wote 35 wakafa. Ilikuwa imefanya safari 1,290 za kujazwa hewa na kupunguzwa.

Wachunguzi wa Uingereza waliiweka Comet nyingine ndani ya tangi la maji kule Farnborough, wakaisukumia shinikizo na kuliachia, tena na tena, mpaka ikachanika. Walikuta ufa ulioanzia penye tundu dogo karibu na kona ya uwazi uliokatwa kwenye ukuta wa ndege. Kila safari ilikuwa imeunyoosha ukuta wa ndege kidogo na kuulegeza tena. Mtu akipinda waya wa baiskeli mara moja hauvunjiki. Akiupinda na kuunyoosha mara ishirini unamkatikia mkononi, ingawa hakuongeza nguvu. Wahandisi wanauita uchovu wa chuma. Ufa huanza ukiwa mwembamba kuliko unywele, pembeni ya tundu la ribiti au mahali palipokwaruzwa na bisibisi, kisha husogea hatua ndogo kwa kila mzigo. Ukitazamwa kwa hadubini, uso wa chuma kilichokatika kwa uchovu huonyesha mistari midogo iliyopangana, mstari baada ya mstari, na mtaalamu huweza kuihesabu akajua ndege ilipandishwa na kushushwa mara ngapi tangu ufa uzaliwe.

Ndege ya kivita hupata uchovu huo kwenye mizizi ya mabawa. Rubani akikata kona kali kwa nguvu mara 8 ya uzito wa kawaida, mabawa yaliyokuwa yakibeba tani 25 hubeba 200. Ndiyo maana umri wa ndege huandikwa kwa saa za kuruka, na fundi anayejua kazi yake huuliza pia zilirukwa namna gani. Nyufa hutafutwa kwa rangi maalumu inayopenya kwenye mpasuko na kung'aa chini ya taa ya urujuanimno, au kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika yanayorudi yakikuta pengo ndani ya chuma.

Injini nayo ina kalenda yake. AL-31F, injini ya Su-30, hutolewa kwenye ndege kwa ukarabati mkubwa baada ya takribani saa 1,000. Ndani yake, nyuma ya chumba cha moto, kuna mapanga madogo ya aloi ya nikeli yanayozunguka katika gesi yenye joto linalozidi nyuzi 1,300. Hayayeyuki kwa sababu yana mifereji myembamba kwa ndani inayopitisha hewa baridi na kuitoa kupitia vitundu vidogo sana. Vumbi ni adui wa vitundu hivyo: chembe zikivutwa ndani ya injini huyeyuka, zikaganda kwenye mapanga na kuziba njia ya hewa. Yeyote aliyepita barabara ya murram mwezi wa Januari anajua Uganda haijapungukiwa vumbi.

Halafu kuna hewa yetu. Uwanja wa Entebbe uko karibu mita 1,150 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 27, hewa pale ni nyepesi kwa karibu asilimia 16 kuliko ile ya usawa wa bahari, nyuzi 15, ambayo wahandisi huitumia kama kipimo. Bawa hulazimika kwenda kasi zaidi ili lipate nguvu ileile ya kuinua, na injini nayo husukuma kwa nguvu pungufu. Ukikokotoa yote mawili, ndege yenye uzito uleule huhitaji kukimbia karibu asilimia 40 zaidi kabla ya kupaa. Njia ya Entebbe ina kilomita 3.6, kwa hiyo nafasi ipo. Kinacholipa ni injini na breki. Helikopta huumia zaidi. Agosti 2012 helikopta tatu za Mi-24 za Uganda zilizokuwa zikielekea Somalia zilianguka kwenye Mlima Kenya katika hali mbaya ya hewa, wanajeshi 7 wakafa. Mlima huo una mita 5,199. Mi-24 kwa kawaida huishia karibu na mita 4,500.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani ndege ikirushwa kwa nadra itadumu. Tupige hesabu. Su-30 zinazoundwa India zilipangiwa saa 6,000. Tuseme tunachukua nusu tu, 3,000, kwa tahadhari. Ndege inayoruka saa 100 kwa mwaka ingezimaliza baada ya miaka 30. Lakini mpira hauhesabu saa za kuruka. Vizibo vya mabomba ya mafuta hukauka na kupasuka vikiwa vimekaa. Ngozi ya nyaya hugeuka kuwa kavu. Unyevu wa ziwa huingia kwenye viungo vya aluminiamu na kuvila taratibu. Baruti ya viti vya kumrusha rubani nje ina tarehe ya mwisho kama dawa ya hospitali, na makombora pia. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa Urusi huweka mipaka miwili, ya saa na ya miaka, na ule unaotangulia ndio unaoshika. Marekani huchosha ndege zake kwa kuzirusha. Nchi zenye mfuko mdogo huziachia kalenda, na katika saa hizohizo chache marubani nao hupoteza mkono. Majeshi ya NATO hulenga karibu saa 180 kwa rubani kila mwaka.

Njia za kutoka zipo, na kila moja ina mtu aliyeipita. Marekani imeamua kurefusha maisha ya B-52, ambayo ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1962. Zinabadilishiwa injini zote nane ili ziruke hadi miaka ya 2050. Hilo linawezekana kwa sababu ndege hiyo huruka kwa upole na kwa sababu Marekani inamiliki michoro yote. Kando yake wanaunda B-21, iliyoruka kwa mara ya kwanza Novemba 2023 na ambayo bei yake inakaribia dola milioni 700 kila moja. Ndege moja, fedha za Uganda za mwaka 2011 karibu zote. Kenya ilichagua mitumba ya F-5 kutoka Jordan. Uganda inaujua uchungu wa mitumba: helikopta za Mi-24 zilizoletwa kutoka Belarusi mwaka 1998 hazikuwa na hali ya kuruka, hadi ikaundwa tume ya Jaji Julia Sebutinde kuchunguza.

Mimi ningeitazama njia ya nne kwa makini zaidi. Maadui ambao Uganda imewashambulia kutoka angani tangu Novemba 2021, ilipoanza operesheni ya Shujaa dhidi ya waasi wa ADF mashariki mwa Kongo, ni vikundi vidogo chini ya miti. Hawana ndege wala rada. Anayehitaji kumwona mtu chini ya majani, na kumtofautisha na mkulima wa Beni anayekwenda shambani, anahitaji muda wa kukaa juu ya eneo hilo, na jeti ya tani 30 haina muda huo. Droni inayozunguka saa 20 inao. Haiondoi hatari ya kuua wasiohusika. Ethiopia na Sudan zimetuonyesha hilo kwa machozi. Ila inampa kamanda nafasi ya kuangalia mara ya pili, na gharama yake kwa saa ni ndogo mno. Jeti chache zingebaki kulinda anga.

Tangu Februari 2022 kuna jambo jingine: viwanda vya Urusi vinahudumia kwanza vita vya Ukraine, na vikwazo vya nchi za Magharibi vimefanya kuilipa kampuni ya silaha ya Urusi kuwa kazi ngumu. Kituo cha kukarabati helikopta kilichozinduliwa Nakasongola Januari 2022 ni hatua njema, lakini injini ya jeti ni fani nyingine, yenye mitambo yake na vyeti vyake. India, inayoziunda na kuzikarabati Su-30 zake yenyewe kwa leseni, ndiyo karakana iliyo wazi zaidi.

Su-30 mbili za kwanza zilitua Entebbe Julai 2011. Tukiweka miaka 25 kuwa ukomo wa busara, tunafika 2036. Kuchagua, kujadiliana na kutafuta fedha huchukua miaka kadhaa. Kuunda na kukabidhi huchukua miwili au mitatu. Kumkuza rubani na fundi wa aina mpya ya ndege huchukua karibu kumi. Kamati ya Bunge ya Ulinzi ikitaka safari hii iulizwe kabla ya fedha kutoka, maswali yake ni haya, na yafaa yapelekwe Wizara ya Ulinzi kule Mbuya katika bajeti ijayo: kila ndege imeruka saa ngapi, injini ngapi zimebakiza saa za kutosha kabla ya ukarabati mkubwa, na nani atazikarabati.