Parkinson Katavi: hesabu ya tabia, hesabu ya vidonge

Je, mtu mwenye wasiwasi mwingi yuko karibu zaidi na ugonjwa wa Parkinson? Mwaka 2021 Antonio Terracciano wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida na wenzake walichapisha uchambuzi wa taarifa za watu zaidi ya 490,000 wa Uingereza, waliofuatiliwa kwa takriban miaka 12. Robo ya wenye hulka ya wasiwasi zaidi walikuwa na hatari inayozidi ya robo ya watulivu kwa zaidi ya asilimia 80.

Asilimia hiyo inatisha mpaka uigeuze kuwa watu. Katika kundi zima waliougua ni 1,142, yaani wawili na ushei kwa kila elfu. Hata miongoni mwa wenye wasiwasi, katika kila elfu moja, zaidi ya 990 hawakuugua. Na huenda wasiwasi wenyewe ni ugonjwa ulioanza kimyakimya: seli za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa miaka mingi kabla mkono haujatetemeka, na dopamini hiyohiyo ndiyo inayochochea hamu na furaha. Uso nao hukakamaa. Mzee anafurahia wajukuu lakini tabasamu halitoki, na nyumbani wanasema siku hizi babu kawa mkali. Analaumiwa kwa tabia ambayo si yake.

Sasa tuje mkoani Katavi, tukianza na hesabu iliyofanyika kwingine nchini Tanzania. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika watu 161,071 na kukuta wagonjwa 33. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hao hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,152,958 mkoani Katavi. Kwa kiwango cha Hai, hao ni wagonjwa kama 230, na zaidi ya 170 hawajulikani. Katavi ina vijana wengi, kwa hiyo idadi halisi inaweza kuwa ndogo kuliko hiyo. Hata ukiikata nusu, ni wazee zaidi ya mia moja, kuanzia Karema hadi Inyonga.

Kuwatambua hakudai mashine ya mabilioni. Tabibu anamtazama mgonjwa akitembea, kama mkono mmoja haupungi; anamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka; anamkunja na kumnyoosha kiwiko aone ukakamavu. Ujuzi huo unafundishika mpaka zahanati.

Gharama inakuja baadaye, na haina mwisho. Mgonjwa anayepewa levodopa, dawa ya Parkinson, kidonge kimoja mara tatu kwa siku anahitaji vidonge 1,095 kwa mwaka. Kila shilingi 100 katika bei ya kidonge ni shilingi 109,500 kwa mwaka kwa familia inayosubiri mauzo ya mahindi au tumbaku. Ugonjwa ukizidi, vidonge huongezwa. Wanaopanga bajeti ya dawa za mkoa waanze na hesabu hii, kwa sababu dawa ikikatika, mgonjwa anakakamaa tena ndani ya siku chache.