Mkono wa Chuma kwa Mgongo wa Mchuma Chai

Kisiba, upande wa Masoko wilayani Rungwe, mzigo hausubiri gari. Mkungu wa ndizi hupandishwa kilima kichwani au begani mpaka ufike barabarani. Ukipita Tukuyu ukaelekea Katumba, mzigo ni kapu la chai: mchumaji hulivaa mgongoni tangu umande haujakauka, akainama na kuinuka mamia ya mara. Jioni mgongo hudai haki yake. Aliyejaliwa ndugu mwenye mkono mzuri hulala kifudifudi mkekani, akapakwa mafuta na kuchuliwa. Asiye naye hununua vidonge vya maumivu dukani, na kunapokucha anarudi shambani.

Si wa Rungwe peke yao. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno, na hakuna tatizo jingine la afya linalosababisha ulemavu mkubwa zaidi duniani. Mikono ya kuwachua wote hao haipo, hata katika nchi tajiri. Ndiyo maana Oktoba 2017 kliniki ya tiba ya Kichina ya NovaHealth nchini Singapore ilianza kumtumia mchuaji asiye na damu wala jasho: roboti iitwayo Emma.

Emma ni mkono mmoja wa chuma wenye viungo sita. Nchani mwake kuna vidole viwili laini vinavyopashwa moto ili mgonjwa ahisi kama anaguswa na gumba na kiganja. Kamera husoma umbo la mgongo, kisha vihisio hupima msuli umekaza kiasi gani kabla mkono haujaongeza nguvu. Aliyeibuni, Albert Zhang wa kampuni ya AiTreat, alisomea sayansi ya tiba pamoja na tiba ya Kichina katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Nanyang. Hakuiunda ili kumfukuza tabibu. Tabibu humsikiliza mgonjwa, humpima na kumchoma sindano zake. Kazi ya kukandamiza kwa dakika nyingi, ile inayochosha vifundo vya mikono na kuharibu magumba ya wachuaji, ndiyo inayoachiwa mashine.

Roboti nyingine zinajifunza kazi ngumu zaidi. Mwaka 2019 watafiti Kun-Chan Lan wa Taiwan na Gerhard Litscher wa Austria walichapisha utafiti kuhusu kutafuta nukta za akyupancha, yaani tiba ya kuchoma sindano, kwa kamera ya simu, ili mkono wa roboti ujue pa kugusa. China kwenyewe kuna mashine za kusoma mapigo ya mshipa wa kifundo cha mkono, nyingine hupiga picha ulimi, na nyingine hushikilia moksa, yaani majani makavu yanayofukizwa karibu na ngozi ili kuipasha joto.

Majani hayo ya moksa ni ya ukoo wa pakanga, mmea mchungu unaofahamika sana katika nyanda zetu za juu. Na ukoo huohuo ndio uliotupa somo kubwa kuliko yote kuhusu namna tiba ya kale inavyogeuka kuwa sayansi.

Mwaka 1967, vita vya Vietnam vikiendelea, China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Bi Tu Youyou, aliyepewa kuongoza kundi moja la watafiti, alipekua vitabu vya waganga wa kale na kujaribu dondoo zaidi ya 380 za mitishamba. Pakanga ya Kichina ilionyesha dalili njema, kisha ikashindwa, kisha ikaonyesha tena. Jibu alilipata katika kitabu cha Ge Hong, tabibu wa karne ya 4: majani yalowekwe, yakamuliwe, maji yake yanywewe. Hakuna mahali aliposema yachemshwe. Moto ulikuwa unaiua dawa! Akaikamua upya kwa ubaridi, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikawamaliza vimelea wote wa malaria ndani ya panya. Dawa ya mseto ambayo Tanzania ilianza kuitoa vituoni mwishoni mwa 2006 inatokana na kazi hiyo, na mwaka 2015 Bi Tu alipewa Tuzo ya Nobel. Lakini WHO haiungi mkono kutibu malaria kwa chai ya majani hayo, kwa sababu kiasi cha dawa katika kikombe kimoja si sawa na cha kikombe kinachofuata.

Kipimo ndicho kilichofanya jani kuwa dawa. Hapo ndipo roboti inapostahili kusikilizwa. Mchuaji hodari hawezi kumwambia mwanafunzi wake amekandamiza kwa nguvu kiasi gani, na leo amechoka kuliko jana. Mashine huandika kila mgandamizo: nguvu yake, muda wake, mahali pake. Kwa mara ya kwanza mkono wa tiba unaweza kuwa na dozi, na kitu chenye dozi kinaweza kujaribiwa kwa haki.

Jaribio la haki linahitajika kweli. Tiba ya Kichina husema akyupancha hurekebisha mwendo wa nguvu iitwayo chi katika njia zake mwilini; wapasuaji hawajawahi kuziona njia hizo. Hata hivyo, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliojumlisha wagonjwa 20,827 wa maumivu sugu katika majaribio 39, ulikuta kuwa waliochomwa sindano walipata nafuu kuliko wasiochomwa. Ila walipolinganishwa na waliochomwa sindano za kuigiza, tofauti ilikuwa ndogo. Kumbe sehemu ya nafuu hutokana na kulala, kuguswa na kusemeshwa kwa upole. Roboti haitabasamu wala haimpi mgonjwa matumaini kwa sauti, kwa hiyo inaweza kuwasaidia watafiti kutenganisha nguvu ya mguso na nguvu ya maneno. Mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unakubali uchuaji na akyupancha kwa masharti, ukikiri kuwa ushahidi bado ni dhaifu.

Je, mashine kama hii itafika Tukuyu? Afrika Mashariki si mgeni wa roboti za afya. Mwaka 2020 Rwanda ilizipeleka tano kuhudumia wagonjwa wa Uviko-19. Moja ilipewa jina Akazuba, nyingine Urumuri, nazo zilipima joto la mwili na kupunguza idadi ya safari za wauguzi wodini. Tiba ya Kichina nayo ni jirani wa siku nyingi: madaktari kutoka jimbo la Shandong nchini China wamekuwa wakija Tanzania Bara tangu 1968, na mwaka 1987 nchi hizi mbili zilianza kushirikiana Muhimbili kujaribu mitishamba ya Kichina kwa wagonjwa wa Ukimwi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamsajili mganga, naye ni binadamu. Mashine ni kifaa tiba, na vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Anayetaka kuleta roboti ya kuchua atakuwa na milango miwili ya kubisha, na ni vema yote miwili iwe migumu.

Ugumu huo una sababu. Kihisio cha Emma hujua msuli uliokaza, hakijui kwa nini umekaza. Mgongo unaouma kwa sababu ya kapu la chai na mgongo unaoliwa na kifua kikuu cha uti hulala kitandani kwa namna moja, na kuukandamiza huo wa pili ni hatari kubwa. Kinachoitenganisha ni maswali: umeanza lini kuumwa, unakohoa, umekonda? Mpaka sasa anayeyauliza vizuri ni mtu.

Kwa hiyo msomaji wa Kisiba asisubiri roboti. Maumivu ya kawaida ya kiuno hupungua kwa kuendelea kutembea, kupunguza mzigo na kufanya mazoezi. Anayechomwa sindano za akyupancha ahakikishe kila sindano ni mpya, imefunguliwa mbele yake. Lakini maumivu yanayoambatana na homa, jasho la usiku, kukonda, miguu kulegea au kushindwa kuzuia mkojo hayachuliwi, si kwa mkono wa ndugu wala wa chuma. Yapelekwe mapema hospitali ya Makandana au Igogwe. Kifua kikuu cha uti kinatibika, na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali.