Nani Anakula Kwanza Bwawani

Jirani yangu, mzee mstaafu, ana bwawa dogo la saruji mbele ya baraza lake: urefu mita 2, upana mita 1.5, kina sentimita 60. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi asubuhi, huvaa kandambili, huwahamishia samaki kwenye karai, humwaga maji yote, husugua kuta kwa brashi mpaka saruji inang'aa, kisha hufungulia mpira wa bomba. Jumapili bwawa linapendeza. Ijumaa inayofuata maji yamekuwa kijani kama mboga ya kisamvu. Siku moja akaniuliza, "Hivi mwanangu, wewe kwako unatia dawa gani?"

Sitii dawa. Nilichofanya ni kupunguza usafi, na hilo si jambo rahisi kumweleza mtu aliyezoea kupiga deki kila siku.

Tulianza na glasi. Nilichota maji yake, nikaiweka glasi juu ya meza ya barazani, tukanywa chai. Maji machafu si ya namna moja, na glasi iliyotulia huyatenganisha. Yakiwa ya udongo, baada ya saa chache utaona vumbi limelala chini na juu kumeanza kung'aa, ingawa mfinyanzi laini sana huweza kuelea siku nzima. Yakiwa na rangi ya chai lakini unaona upande wa pili, hiyo ni rangi ya majani yaliyooza, haina madhara makubwa. Ya mzee yalibaki kijani vilevile mpaka jioni. Huo ni mwani wa kuelea, viumbe visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho, kila kimoja ni chembe hai moja inayoishi kwa jua na mbolea.

Mbolea inatoka wapi, na mzee hajaweka? Inatoka mkononi mwake kila asubuhi anapomwaga chakula cha samaki. Samaki hula, kisha sehemu kubwa ya nitrojeni iliyokuwa ndani ya chakula huitoa kama amonia, hasa kupitia matamvua. Amonia ni sumu kwake. Hapo huingia bakteria wanaoishi kwenye mawe, kwenye kuta, kwenye sifongo la pampu: kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo ni mbolea. Ongeza fosforasi iliyomo kwenye kinyesi na mabaki ya chakula, ongeza jua la saa sita mchana, mwani una kila unachohitaji.

Kwa hiyo swali la bwawa ni nani anaifikia hiyo mbolea kwanza. Mwani una faida moja kubwa: huzaliana haraka, na bwawa tupu lenye jua ni shamba lake peke yake. Mimea mikubwa huanza polepole, lakini ikishashika mizizi huunyima mwani chakula, na majani yake yakitanda huunyima jua. Wadudu maji wadogo kama nukta nao hujitokeza kuula. Ndiyo maana bwawa jipya huwa kijani wiki za mwanzo, kisha siku moja linatakata lenyewe, mwenyewe asijue kwa nini.

Sasa tazama brashi ya mzee inafanya nini. Ule utelezi anaousugua ukutani ndio makazi ya bakteria wake. Wadudu wanaokula mwani amewamwaga kwenye mtaro. Na maji ya bomba aliyorudishia yana klorini, inayoua bakteria waliosalia na kuunguza matamvua ya samaki. Kila baada ya wiki mbili analirudisha bwawa kwenye siku yake ya kwanza, na siku ya kwanza ni ya mwani. Maji ya kufidia yaliyokauka ni bora yakae kwenye pipa wazi siku moja au mbili kwanza, mradi bomba lako linatiwa klorini ya kawaida. Sifongo la pampu nalo likamuliwe kwenye ndoo ya maji ya bwawa lenyewe, si chini ya bomba.

Dawa halisi ni majani. Yungiyungi ndiye mfalme hapa: majani yake yakifunika nusu ya uso wa maji au zaidi kidogo, jua linabaki juu. Pembeni weka mafunjo kwenye chungu, mizizi yake hunywa mbolea bila kuchoka. Kwenye upandaji nilikosea mwenyewe. Kwa kuwa nimelelewa shambani, yungiyungi wangu wa kwanza nilimpanda kwenye udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Baada ya siku nane, maji yalikuwa kijani mpaka samaki hawaonekani. Udongo wa kawaida wenye mfinyanzi unatosha, bila samadi, na juu yake kokoto kiasi cha vidole viwili ili udongo usipande.

Kuna watakaokushauri uchukue gugu maji, lile la maua ya zambarau. Ni kweli hakuna linalonyonya mbolea kama hilo, na ndiyo sababu uliogope. Asili yake ni Amerika Kusini. Lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, likakuta maji yenye rutuba, na katika miaka ya 1990 likaziba magati na kuzuia mitumbwi. Unalolipunguza leo na kulitupa mtaroni, mvua italipeleka mtoni.

Samaki wawe wachache na wadogo. Kambare hufukua tope, perege huchimba viota na kung'oa mimea. Hao ni wa kitoweo. Vijisamaki vya mapambo vinatosha kumaliza viluwiluwi vya mbu. Chakula kiwe kile kinachoisha kwa dakika mbili tatu, na siku moja kwa wiki usiwape kabisa. Ukiwaona alfajiri wanahema juu ya maji, tambua kwamba usiku mimea na mwani navyo huvuta oksijeni, na maji ya joto huibeba kidogo: katika nyuzi 30 ni takriban miligramu 7.5 kwa lita, wakati katika nyuzi 20 hufika 9. Hapo pampu iachwe ikirusha maji usiku kucha.

Mvua kubwa ina ufumbuzi wa fundi: ukingo uinuke juu ya ardhi ili udongo na mbolea ya bustani visiingie.

Mzee alikubali, kwa shingo upande, kuiweka brashi stoo na kupanda yungiyungi. Nikampa kipimo. Mwaka 1865 padri na mwanafalaki wa Italia, Angelo Secchi, alishusha visahani vyeupe kwenye bahari ya Mediterania na kupima kina ambacho havionekani tena. Mpaka leo wataalamu wa maziwa wanatumia kisahani. Sisi tulichukua kisahani cha kikombe kilichomeguka, tukakifunga kamba. Wiki ya pili kilipotea kwenye sentimita 20, na mzee akanipigia simu usiku kulalamika kuwa maji yamezidi kuwa kijani. Nikamwomba avumilie. Wiki ya nne, majani ya yungiyungi yalipofungua, kikashuka hadi 40.

Wiki ya saba aliniita. Kisahani kilikuwa kimelala chini kabisa, kamba imelegea, na tulikiona chote pamoja na pale kilipomeguka. Juu yake palikuwa na utando mwembamba wa kijani. Mzee alikitazama kitambo, kisha akaniuliza kama anaruhusiwa kukitoa akisugue.